Masaa 54, franka 100 800: x hii nayo ifundishwe kwa watoto wetu

Mtoto wa darasa la nane hapa Bukavu, Goma ao Uvira anaweza kukutafutia x katika 5x + 20 = 95 pasipo shida kubwa. Atapeleka 20 upande wa pili, atagawanya kwa 5, kisha atakuambia: x ni 15. Mwalimu ataweka alama yake na somo litaendelea.

Sasa umwambie mtoto huyo huyo hivi: kapita amepokea 95 000 FC kwa kazi ya siku moja ya mafundi wawili na wasaidizi watatu. Kila fundi anapata 10 000 FC zaidi ya msaidizi. Msaidizi mmoja anapaswa kupata ngapi? Wengi watanyamaza. Wengine watagawanya 95 000 kwa watu watano na kujibu 19 000. Ila hesabu ni ile ile. Ukihesabu kwa maelfu, msaidizi ni x, fundi ni x + 10. Mafundi wawili ni 2x + 20, wasaidizi watatu ni 3x. Jumla yake ni 5x + 20 = 95. Msaidizi anapata 15 000 FC, fundi 25 000 FC. Na kama jioni hiyo kapita amempa kila msaidizi 12 000 FC, basi kuna 9 000 FC ambazo zimebaki katika mfuko wake.

Maoni yangu ni haya: hesabu za mshahara na masaa ya kazi zisiachwe kuwa mazoezi ya mwisho wa sura, yale ambayo mwalimu anayaruka kwa sababu saa imekwisha. Ziwe mlango wa kuingilia katika aljebra, zitumie mishahara ya hapa kwetu, na zielezwe kwanza kwa Kiswahili. Siyasemi haya kwa ajili ya alama za mtihani peke yake. Kuna pesa ambazo familia zetu zinapoteza kila juma pasipo kujua.

Aljebra ilianzia wapi?

Wazazi wengi wanafikiri kwamba aljebra ni kitu cha wasomi, kisicho na kazi sokoni wala kwenye shantiye. Historia inaonyesha tofauti. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanachuoni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lilitupatia neno aljebra. Neno la Kiarabu al-jabr lina maana ya kurudisha, kutengeneza kile kilichovunjika ao kupunguka. Kitabu hicho kilishughulika na mambo ya watu wa kila siku: kugawa urithi, kuuza na kununua, kupima mashamba.

Humo ndani kuna pia swali la mfanyakazi. Mtu analipwa dirham 10 kwa mwezi, amefanya siku 6, apewe ngapi? Siku 6 ni sehemu moja ya tano ya mwezi wa siku 30, basi atapata sehemu moja ya tano ya mshahara: dirham 2. Al-Khwarizmi anaeleza kwamba katika mambo ya namna hii kuna namba nne zinazofungana, tatu zinajulikana na moja imefichwa. Kazi ya hesabu ni kuitoa ile iliyofichwa. Miaka zaidi ya elfu moja imepita, na swali hilo bado linaulizwa kila siku ya malipo, Kadutu kama Birere.

Hesabu moja ya depo

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Sheria ya kazi ya Congo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba muda wa kazi hauwezi kupita masaa 45 kwa juma na masaa 9 kwa siku. Masaa yanayopita 45 yanalipwa kwa nyongeza: asilimia 30 kwa masaa 6 ya kwanza, asilimia 60 kwa yale yanayofuata, na asilimia 100 kama mtu amefanya kazi siku yake ya mapumziko. Kuhusu mshahara wa chini kabisa, ule unaoitwa SMIG, amri ya Mei 2018 iliuweka kwenye 7 075 FC kwa siku kwa mfanyakazi wa kawaida asiye na ufundi. Mwaka 2025 serikali iliupandisha hadi 14 500 FC. Natumia hapa namba hiyo ya 2025. Kama kiwango kimepanda tangu hapo, msomaji ataondoa 14 500 na kuweka kipya mahali pake. Njia ya hesabu haibadiliki.

Tuseme sasa mtu anafanya kazi katika depo ya bidhaa, siku 6, kila siku masaa 9. Hayo ni masaa 54. Mwisho wa juma bosi anampa 100 800 FC na kumwambia: «SMIG ya siku sita ni 87 000. Mimi nakuongezea karibu 14 000. Wengine hawapati hivi.» Mtu anashukuru, anarudi nyumbani. Je, bosi amesema kweli?

Tuite x bei ya saa moja ya kawaida. Masaa 45 ya kwanza yanaleta 45x. Masaa 6 yenye nyongeza ya asilimia 30 yanahesabiwa kila moja kama saa moja na sehemu 0,3, basi ni 6 mara 1,3x, ndiyo 7,8x. Yanabaki masaa 3 yenye nyongeza ya asilimia 60: 3 mara 1,6x, ndiyo 4,8x. Jumlisha: 57,6x. Kwa hiyo 57,6x = 100 800. Gawanya, utapata x = 1 750 FC.

Tulinganishe na sheria. Masaa 45 kwa siku 6 ni masaa 7 na nusu kwa siku. Ukigawanya 14 500 kwa 7,5 unapata karibu 1 933 FC kwa saa. Huyu mtu aliyeambiwa kwamba anapendelewa, kumbe kila saa yake inalipwa chini ya SMIG. Kwa masaa yale aliyoyafanya, alipaswa kupata angalau 111 360 FC. Zimepungua 10 560 FC kwa juma. Kwa majuma manne ni 42 240 FC, pesa ambazo kwa nyumba nyingi za hapa ni chakula cha siku kadhaa.

Angalieni vizuri mahali ambapo pesa zilipotelea. Bosi hakusema uongo juu ya namba hata moja: 87 000 ni kweli, 100 800 ni kweli. Alilinganisha tu malipo ya masaa 54 na SMIG ya masaa 45. Mtu anayejua kujumlisha na kugawanya peke yake anaweza kufanya 100 800 gawanya kwa 54, akapata karibu 1 867 FC, na kuanza kuwa na mashaka. Lakini ni mlinganyo ndio unaomwonyesha upungufu wote, kwani unaweka kila saa kwenye fungu lake kabla ya kuuliza bei.

Mitego ambayo shule inaiacha

Shida ya watoto si kutafuta x. Shida ni kuandika mlinganyo kutoka kwenye maneno, na hapo ndipo somo letu linapita mbio. Kuna mitego minne ambayo kila mwalimu wa hesabu anaweza kuifundisha kwa saa chache.

Mtego wa kwanza ni dakika. Masaa 7 na dakika 30 mtoto anaandika 7,30. Hapana. Dakika 30 ni nusu ya saa, basi ni 7,5. Mtu wa 2 000 FC kwa saa, akihesabiwa kwa 7,3 badala ya 7,5, anapata 14 600 mahali pa 15 000. Ni 400 FC tu kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 10 400 FC.

Mtego wa pili ni ile asilimia. Wengine wanaongeza asilimia 30 juu ya mshahara wote wa juma, wakadai zaidi ya haki yao. Wengine wanailipa saa ya ziada kwa 0,3 tu, wakasahau kwamba ile saa yenyewe nayo inalipwa. Saa ya nyongeza ni 1,3, si 0,3, na inahusu masaa ya ziada peke yake.

Mtego wa tatu ni saa zetu za Kiswahili. Sentineli anaingia saa kumi na mbili ya jioni, anatoka saa kumi na mbili ya asubuhi. Mtoto akitoa 12 kwa 12 anapata sifuri, kana kwamba mtu huyo alilala nyumbani kwake. Akiandika kwa Kifaransa, 18 hadi 6, hapo pia kutoa hakumsaidii. Lazima ahesabu mpaka katikati ya usiku, masaa 6, kisha mpaka asubuhi, masaa 6 mengine. Jumla 12.

Mtego wa nne ni dola na franka. Kontra imeandikwa dola 120 kwa mwezi, malipo yanatolewa kwa franka, na mfanyakazi anapewa 324 000 FC. Dola moja ilihesabiwa kwa ngapi? 120y = 324 000, basi y ni 2 700. Kama siku hiyo kambisti wa barabarani anatoa 2 850, mshahara ule ulipaswa kuwa 342 000 FC. Elfu 18 zimebaki njiani, hata kama dola 120 za kwenye karatasi hazikubadilika.

Mitego hii yote ni ya darasa la saba na la nane. Haihitaji kitabu kipya wala mashine. Inahitaji ubao, chaki na mwalimu anayekubali kuuliza mambo ya nyumbani.

Kiswahili kiingie darasani

Tatizo lingine ni lugha. Swali la mshahara ni swali la kusoma kabla ya kuwa swali la kuhesabu. Mtoto wetu anajifunza hesabu kwa Kifaransa, lakini baba yake anasimulia malipo yake kwa Kiswahili. Akikutana na maneno «de plus que» na «fois plus que», mara nyingi haoni tofauti: anaweka mara mahali pa jumlisha, na jibu linaharibika kabla hata ya kuanza.

Sisemi kwamba Kiswahili hakina matatizo yake. Ukisema «fundi anapata mara mbili zaidi ya msaidizi», mmoja ataelewa 2x na mwingine 3x. Ukisema «tumewapa elfu kumi», haijulikani kama ni kila mmoja ao ni wote pamoja. Lakini matatizo hayo ndiyo somo lenyewe. Mtoto akiyajadili katika lugha anayoisikia nyumbani, atajifunza kuuliza: elfu kumi kwa nani? kwa saa ngapi? kwa siku gani? Kisha mwalimu atahamisha swali kwenda kwenye Kifaransa, kwani mtihani wa taifa unafanywa kwa Kifaransa na hatuwezi kumwacha mtoto bila lugha hiyo. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha hizo nafasi shuleni. Basi mwalimu anayetumia Kiswahili ili swali lieleweke havunji sheria yoyote.

Tena ujuzi tunao tayari. Angalieni wamama wa soko la Kadutu ao wa Virunga kule Goma. Wananunua kwa dola, wanauza kwa franka, wanatoa pesa ya likelemba, wanajua faida ya kila kopo la maharagwe, na yote hayo kwa kichwa. Wengi hawakufika darasa la sita. Mtoto wa mama huyo anaketi shuleni akiamini kwamba hesabu ni kitu kingine, cha watu wengine. Kosa hilo ni letu sisi tunaofundisha na kupanga masomo.

«Anayehesabu anafukuzwa»

Najua jibu ambalo wengi watanipa. Watasema: hata mfanyakazi akijua x, atafanya nini? Akifungua kinywa, kesho nafasi yake inachukuliwa na mwingine anayengoja mlangoni. Kazi ni chache, vita vimeharibu mengi, na wengi wetu tunafanya kibarua pasipo kontra.

Ni neno la kweli, na mlinganyo hauwezi kuleta kazi mahali ambapo kazi haipo. Lakini kuna mambo matatu ya kujibu.

La kwanza, sheria ile ile ya 2002 inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi hesabu ya malipo kwa maandishi wakati wa kumlipa. Tena inasema kwamba kupeleka mashitaka dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu. Haki hizo hazina faida kwa mtu asiyeweza kusoma karatasi anayopewa. Anayefika kwa inspekta wa kazi na kusema tu «wananiibia» anarudishwa na ahadi. Anayefika na kaye yenye tarehe, masaa na mlinganyo mmoja analeta kitu ambacho inspekta anaweza kukikagua.

La pili, si kila upungufu ni wizi. Kuna mabosi wadogo, wenye duka ao karakana, ambao nao hawajui kuhesabu masaa ya ziada. Wanatoa kiasi ambacho wanaona kinafaa, na ugomvi unazaliwa kwa sababu hakuna upande unaoweza kuonyesha hesabu yake. Pande mbili zikiandika masaa sawasawa na kutumia mlinganyo mmoja, maneno mengi yanakwisha mapema.

La tatu, hata mahali ambapo mtu hawezi kudai chochote leo, ni vizuri ajue saa yake inauzwa bei gani. Akipata kazi mbili za kuchagua, moja ya 100 800 FC kwa masaa 54 na nyingine ya 90 000 FC kwa masaa 45, atajua kwamba ile ya pili inalipa saa kwa 2 000 FC na ya kwanza kwa 1 750 FC, nyongeza zikiwa zimehesabiwa. Pengine atachagua ya kwanza kwa sababu ya njaa. Lakini atakuwa amechagua akijua.

Tunaomba nini?

Kwa walimu wa hesabu: anzeni sura ya mlinganyo na swali moja la mshahara, kwa Kiswahili, kabla ya kuandika x yoyote ubaoni. Mwache mtoto ataje kwanza anachotafuta, kisha anachojua, kisha kinachofunga viwili hivyo. Mwishoni arudishe jibu ndani ya swali ili aone kama linakaa. Darasa la watoto 70 ni mzigo mzito, na tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza 2019 mzigo umeongezeka. Lakini swali la namna hii linaweza kufanywa kwa makundi, na haliombi karatasi nyingi.

Kwa wale wanaotunga mitihani: acheni matreni yanayopishana na mapipa yanayojaa maji kwa mabomba mawili. Si vibaya, ila mtoto wa Walungu hajawahi kuyaona hayo. Mshahara wa fundi, kilo za chai, safari za mtumbwi, masaa ya sentineli: hayo anayajua. Tena mtunzi aweke namba za kweli, kwani mshahara wa mfano ulio chini ya sheria unamfundisha mtoto kwamba upungufu ni jambo la kawaida.

Kwa sendika na mashirika ya kiraia: mnapokutana na wafanyakazi kuwaeleza haki zao, msiishie kusoma vifungu vya sheria. Wape kalamu. Saa moja ya kuhesabu malipo yao wenyewe itabaki vichwani kuliko hotuba ya siku nzima.

Kwa wazazi: nunueni kaye ya bei ndogo, andikeni kila siku saa ya kuingia, saa ya kutoka na pesa mliyopewa. Mwisho wa juma mpeni mtoto wa darasa la nane aihesabu. Mtasaidiwa nyinyi, na yeye atajua kwa nini anapelekwa shule.

Kwa kuanza, mpeni hii jioni ya leo. Binti anafanya kazi kwenye mkahawa siku 6, kila siku masaa 8. Mwisho wa juma anapewa 97 800 FC, masaa ya ziada yakiwa ndani. Saa yake ya kawaida inalipwa ngapi, na je, iko juu ao chini ya 1 933 FC? Akipata jibu, mwambieni arudie kuhakikisha, kwani safari hii atakuta kwamba bosi amelipa sawasawa. Hilo nalo linafaa kujulikana.